Kitivo cha Sayansi cha Mlimani kiko wapi siku hizi, na idara ipi inamfaa anayetaka kusomea bahari?

Mama wa Chumbageni, Tanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Ninaomba ufafanuzi kwa wanaokifahamu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa karibu. Binti wa marehemu dada yangu, ambaye ninamlea mimi, amemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) na amepania kusomea viumbe wa baharini. Hilo halinishangazi, kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa hakosi pale Deep Sea mashua zinapoingia, akiuliza jina la kila samaki anayetolewa kwenye tenga.

Shemeji yangu aliyesoma Mlimani katika miaka ya 1970 anamshauri aombe Kitivo cha Sayansi, Idara ya Zuolojia, akisema kwamba bahari inafundishwa huko. Tulipoupitia mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, hatukukiona kitivo chenye jina hilo. Tulichokiona ni ndaki (yaani koleji ndani ya chuo), shule kuu na taasisi, na kozi zinazohusu maji ziko mahali tofauti na zile za wanyama. Je, kitivo kile kilivunjwa? Idara zake zilikwenda wapi? Na kwa binti huyu, mlango ulio sahihi ni upi?

Mwalimu Mstaafu, Pongwe

Marahaba, binti yangu. Shemeji yako hajakupotosha, ila anakieleza chuo kama alivyokiacha. Kitivo hakikufutwa, kilikua, kikazaa, na baadhi ya watoto wake wakahama nyumbani.

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka uliofuata kikahamia Mlimani. Sayansi ilikuja mwaka 1965. Kabla ya hapo kijana wa Tanganyika aliyetaka kusomea kemia au fizikia kwa kiwango cha shahada alipaswa kuvuka mpaka, na wengi walikwenda Makerere. Idara za mwanzo zilikuwa Botania, Fizikia, Hisabati, Kemia na Zuolojia.

Ni muhimu kuelewa kwa nini zilikuwa hizo na si nyingine. Shule zetu za sekondari zilikuwa zikitegemea walimu wa sayansi kutoka nje, na serikali ilihitaji haraka watu wa kuziba pengo hilo. Kwa hiyo kitivo kiligawanywa kwa kufuata masomo yanayofundishwa sekondari, na sehemu kubwa ya wanafunzi walisoma masomo ya sayansi pamoja na elimu. Anayedhani kwamba Kitivo cha Sayansi kilianzishwa ili kutoa watafiti atakuwa amekisoma kinyumenyume: kilianza kama kiwanda cha walimu, na utafiti ukafuata.

Baada ya chuo kuwa huru tarehe 1 Julai 1970, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo, mahitaji yalianza kubadilika. Uhandisi ulipata kitivo chake mwaka 1973, na mwaka 1974 Idara ya Jiolojia ikaanzishwa ndani ya Kitivo cha Sayansi, kwa kuwa nchi yenye almasi na dhahabu haikuweza kuendelea kuagiza wanajiolojia kila mwaka. Upande wa bahari nao una kisa chake. Zanzibar kulikuwa na shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini lililokuwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika lile lilibaki bila mwenyewe, na mwaka 1978 chuo kikaanzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari hukohuko Unguja. Hapo ndipo bahari ilipoanza kujitenga na Zuolojia, ingawa idara yenyewe iliendelea kwa miaka mingi kuitwa Idara ya Zuolojia na Baiolojia ya Bahari.

Mhitimu wa Ngamiani

Shikamoo Mwalimu. Naomba niendelee pale ulipoishia, kwa kuwa mimi nimesoma chini ya muundo mpya.

Mageuzi yaliyofanyika baada ya mwaka 2000 yalikibadilisha Kitivo cha Sayansi kuwa Ndaki ya Sayansi Asilia na Tumizi, ambayo wanafunzi wote wanaiita CoNAS. Humo zimebaki Botania, Fizikia, Hisabati na Kemia, na kuna idara mpya ya Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia. Zuolojia ipo, lakini sasa inaitwa Idara ya Zuolojia na Uhifadhi wa Wanyamapori, na jina hilo linaonyesha idara imeelekea wapi: porini zaidi kuliko baharini. Jiolojia imehamia Shule Kuu ya Madini na Jiosayansi. Sayansi ya kompyuta iko Kijitonyama, katika ndaki ya TEHAMA. Masuala ya maji na samaki yamepewa Shule Kuu ya Sayansi za Majini na Teknolojia ya Uvuvi, yaani SoAF. Kwa hiyo, mama, mlichokiona kwenye mwongozo ni sahihi kabisa.

Ningependa kuongeza jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui. Idara zilizobaki na majina yale ya zamani hazifundishi tena yale ya zamani peke yake. Ndani ya Fizikia kuna shahada ya hali ya hewa, ndani ya Hisabati kuna ya takwimu bima, na ndani ya Kemia kuna ya kemia ya petroli. Hiyo ya mwisho watu wa Tanga tungepaswa kuiangalia kwa jicho la karibu, maana bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na itakuwa aibu kama vijana wetu watabaki kuwa walinzi wa geti.

Afisa wa Uvuvi, Pwani ya Kaskazini

Ninafanya kazi na wavuvi kati ya Sahare na Kigombe, kwa hiyo nitajibu kuhusu bahari tu.

Binti huyo asome SoAF, na nitaeleza sababu. Tangu mwaka 2004 wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka duniani zamani sana mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hakutafutwa na mtaalamu yeyote; aliingia kwenye jarife la papa lililoteremshwa kwenye maji yenye kina kirefu. Kutokana na hilo, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009, na inahitaji watu wa kuiendesha.

Sasa angalia kazi yenyewe ilivyo. Samaki anapoletwa, mtu wa zuolojia atataka kumpima urefu na uzito, kumtambua kama ni dume au jike, kuchukua kipande cha nyama kwa ajili ya vipimo vya maabara na kumhifadhi asioze. Yote hayo ni ya lazima. Lakini swali ninaloulizwa mimi na ofisi ni jingine: jarife lile lilitegwa kwenye kina gani, macho yake yana ukubwa gani, mvuvi alilifuata eneo lile kwa sababu gani, na tukimzuia asitege hapo atakula nini? Maswali hayo yanahitaji mtu aliyesomea zana za uvuvi, takwimu za mavuno na usimamizi wa rasilimali pamoja na baiolojia. SoAF inayaunganisha hayo, na chuo kina kituo chake Kunduchi, kando ya bahari, ambako wanafunzi hufanyia mafunzo kwa vitendo. Iwapo alama hazitatosha kwa shahada, asikate tamaa: kampasi ya FETA, yaani Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, iliyopo Mbegani, Bagamoyo, inatoa stashahada za uvuvi, na wenzangu kadhaa kazini walipitia njia hiyo kabla ya kujiendeleza.

Mwalimu Mstaafu, Pongwe

Afisa amesema vizuri, lakini sikubaliani naye moja kwa moja. Mwenye umri wa miaka 19 anayejifunga mapema kwenye fani nyembamba anaweza kujikuta hana pa kugeukia nafasi za kazi zikiwa chache. Zuolojia au Botania inampa msingi mpana, kisha bahari ataifuata kwenye shahada ya uzamili Unguja, akitaka. Wako niliowafundisha waliofanya hivyo na hawakujuta.

Na isisahaulike Botania, ambayo vijana huidharau kana kwamba ni somo la bustani. Mkoa wetu ndio uliokuwa na kituo kikubwa cha utafiti pale Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ulioanzia Amani ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndiyo sababu Idara ya Botania ya Mlimani kuwa na hifadhi yake ya mimea ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Ukiingia humo utakuta makabati yaliyojaa karatasi ngumu, kila moja ikiwa na mmea uliokandamizwa na kukaushwa, na pembeni kibandiko chenye jina la mahali ulipochumwa, kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe na jina la aliyeuchuma. Mikoko na majani ya baharini ni mimea pia. Anayetaka kujua kwa nini samaki wamepungua Kigombe hataweza kukwepa kujua mikoko ikoje.

Afisa wa Uvuvi, Pwani ya Kaskazini

Kuhusu mikoko ninakubali bila ubishi, Mwalimu. Kuhusu ajira, nafasi za afisa uvuvi zinapotangazwa, husemwa wazi kwamba anatakiwa mwenye taaluma ya uvuvi au sayansi za majini; mwenye zuolojia ya jumla hulazimika kujieleza zaidi. Hilo ndilo linalonifanya nisisitize.

Mama wa Chumbageni, Tanga

Ninawashukuru sana. Nimemsomea binti majibu yote, naye ameuliza jambo moja: kwa kuwa alisoma CBG na hana fizikia ya kidato cha sita, je, hilo litamfungia njia?

Mhitimu wa Ngamiani

Kwa kozi za viumbe, mama, Baiolojia na Kemia ndizo zinazobeba uzito, na anazo zote mbili. Njia ambazo zitakuwa ngumu kwake ni zile za upande wa Fizikia yenyewe na Hisabati. Hata hivyo asitegemee maneno yetu. Kila kozi ina sifa zake kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka husika, na sifa hizo hubadilika. Azisome mstari kwa mstari kabla ya kujaza fomu.

Mama wa Chumbageni, Tanga

Basi tumekubaliana hivi: chaguo la kwanza ni SoAF, la pili Zuolojia na Uhifadhi wa Wanyamapori, la tatu Botania, na Mbegani tutaiweka pembeni kama akiba. Mwalimu, shemeji ameniambia nikufikishie salamu. Anasema Idara ya Jiolojia ilipoanzishwa alijaribu kuhamia huko na akakataliwa.