Paneli za foamu kwa duka la dawa Kigoma, nianze na paa au kuta za kugawa?

DadaWaDawa_KG
Wadau habari za jioni. Niko Kigoma mjini upande wa Gungu, nimepanga fremu nataka nifungue duka la dawa. Fremu ni ya bloku, imeezekwa bati geji 30 tupu, siling hakuna, na mlango unaangalia magharibi kwaiyo jua la mchana lote linaniishia mimi. Juzi niliweka kipima joto juu ya shelfu, saa nane mchana nikakuta 36! Na dawa nyingi boksi limeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, sasa nikifungua hivi hivi si nitakuwa namuuzia mtu dawa iliyoshaharibika, hilo kwa kweli linaninyima usingizi.

Ukuta wa tofali ndani mwenye nyumba kakataa, anasema sakafu yake nyembamba, ila kakubali niweke kitu chepesi ambacho nikihama nakifungua naondoka nacho. Kuna kijana kaniambia habari za paneli za foamu, bati huku bati huku katikati kuna kitu cheupe kama kile kinachokuja kwenye boksi la tivii, anasema zinaezekwa na zinagawa vyumba pia. Mimi nataka stoo ya mita 3 kwa 4 na kachumba ka kuongea na mgonjwa. Zinazuia joto kweli? Hela haitoshi vyote, nianze na paa au kuta? Na mchwa je, mana wa huku hawachagui.

Fundi_Kenchi
Dada pole na hongera kwa kujali, wengi wanapanga tu dawa kwenye shelfu maisha yanaendelea. Mimi niko Tabora, Ipuli, naezeka na hizi paneli nazifunga sana tu, joto la mwezi wa kumi huku unalijua.

Kwanza elewa kitu kimoja, foamu haileti baridi, inachelewesha joto kupita bas. Ila inachelewesha kweli kweli, stairofomu, yaani hicho kitu cheupe cha boksi la tivii, ya sentimita 5 inazuia joto kuliko ukuta wa bloku wenye unene wa mita nzima, na ile ya njano wanaiita PU ni nzuri zaidi, sentimita 5 yake ni kama sentimita 8 za stairofomu, bei nayo inapanda. Bati tupu lenyewe ni kama hujaweka kitu, linapigwa jua linachemka halafu linamwagia joto chini kama mkaa uliogeuzwa juu chini. Fikiria, Kigoma kivulini mchana ni 28 mpaka 30 hivi, sasa hiyo 36 yako imetoka wapi? Bati hilo. Kwaiyo jibu langu ni JUU KWANZA, ukigawa kuta ukaacha juu wazi umejenga chungu bila mfuniko, hela imeenda na joto liko pale pale.

Uzito usikutishe, paneli ya sentimita 5 ni kama kilo 7 mpaka 10 kwa mita mraba, bloku ya inchi 6 inakaribia kilo 300. Mwenye nyumba mwambie hizo namba atatulia.

Kibirizi_Mwaloni
Fundi uko sahihi ila dada ni mpangaji, ezua ezeka paa la mtu ya nini? Mimi ningemwambia ajenge boksi ndani ya fremu, yaani hiyo stoo ya 3 kwa 4 aiweke kwenye kona iliyo mbali na ukuta wa magharibi, kuta mbili atumie zilizopo, mbili paneli, na juu paneli vile vile. Hesabu ya haraka, kuta mita 7 kwa kimo cha 2.5 ni mita mraba 17 na nusu, mfuniko 12, jumla kama 30 tu. Paa la mwenye nyumba linabaki kama lilivyo.

Sisi wa samaki huku mwaloni chumba cha baridi ndo tunajenga hivyo hivyo, sema chetu kina kuta nne zote za foamu na mashine kubwa. Wewe ukiziba vizuri AC ndogo inatosha, tena haitafanya kazi muda wote. Na friji ya chanjo na insulini usiiweke humo ndani kama bado huna AC, friji inatema joto kwa nyuma, utakuwa umefunga jiko ndani ya boksi.

Mjenzi_Nzega_Road
Naomba niseme na ubaya wake mana mimi zimeniliza. Niliagiza za sentimita 7 na nusu kutoka Dar, zikaja Tabora na lori, duka silitaji. Miezi minne tu bati likaanza kubanduka kwenye foamu, ukigonga unasikia po po po kama ngoma, na punje za foamu ukizishika zinamwagika kama mchele. Nilikuja kujua baadae foamu ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Siku hizi kabla sijalipa naomba kipande cha foamu tupu cha mita 1 kwa mita 1 unene sentimita 5, naweka kwenye mzani wa duka. Gramu 750 ni nzuri, hiyo ndo densiti ya 15, yaani kilo 15 kwa mita moja ya ujazo. Ikicheza kwenye 500 naondoka sigeuki nyuma.

Usafiri nao angalia. Foamu inajaza lori kabla haijalilemea, kwaiyo unalipia nafasi sio kilo, na hapo kwenu mwisho wa reli ni mbali. Agiza zikatwe kipimo chako kabisa, vipande vya kutupa usivilipie nauli. Na kamba za lori zinaponda kingo, waweke maboksi chini ya kamba.

Umeme_Ujiji
Mnaongea joto na bei, moto hakuna aliyeutaja. Stairofomu inaungua, ikishika inayeyuka inadondoka matone ya moto na moshi mweusi mzito. London mwaka 2017 ghorofa la Grenfell liliwaka kwa nje, vibao vyake vilikuwa na plastiki katikati, watu 72 walikufa. Sisemi usijenge dada, nasema uliza ile yenye dawa ya kuzuia moto, chukua kipande katest nje uwanjani: ukiondoa kiberiti inatakiwa izime yenyewe. Ikiendelea kuwaka achana nayo.

Na hili mafundi wengi hawalijui, waya wa umeme usigusane na stairofomu, ile plastiki ya waya na foamu zinalana taratibu, waya unakuwa mgumu unapasuka. Pitisha kwenye paipu. Kulehemu kumalizike KABLA paneli hazijaingia. Usikate na grainda pia, cheche zinachoma rangi na zinki, masika moja kingo zote kutu. Na gundi yenye petroli au thina inakula foamu inaacha shimo, tumia silikoni.

DadaWaDawa_KG
Jamani asanteni mno, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Wazo la boksi limenikaa. Maswali mawili yamebaki: mchwa hamjanijibu, na kale kachumba ka mgonjwa, nikikagawa kwa hizi paneli sauti haitatoka? Mama akija kuniuliza habari za uzazi wa mpango sitaki aliyeko kwenye foleni asikie.

Fundi_Kenchi
Kibirizi kanizidi, boksi ni bora kwa mpangaji. Mfuniko wa mita 3 pitisha paipu ya mraba katikati usije ukalegea.

Mchwa hali foamu, ila anaitoboa anapita humo, panya ndo kabisa wanaifanya godoro. Dawa yake usiache kingo wazi hata sentimita moja. Chini laza chaneli ya bati yenye umbo la U, ipake silikoni pande zote inapogusa sakafu, paneli ikae ndani yake, hata maji ya kudeki hayaingii. Kona zote na juu kunja bati ufunike.

Sauti hapana dada, stairofomu inapunguza kelele za mvua juu ya bati lakini maongezi yanapita. Kachumba hako usikapoteze kwenye foamu, piga fremu ya mbao, jipsamu bodi mbili mbili kila upande, katikati pamba ya mawe, kuta ziguse juu kabisa. Halafu kabla hujanunua chochote chora ramani uwaonyeshe wakaguzi wa Baraza la Famasi, maana ukishafunga wakakwambia chumba kihame, skrubu zote unafungua upya.

DadaWaDawa_KG
Sawa fundi. Jumatatu naipeleka ramani, na kipande cha foamu nimeshakiagiza, mzani naazima kwa muuza dagaa jirani. Nikipima naleta majibu hapa.