Bwawa la zamani la udongo linatoa majimaji karibu na bomba: watu waendelee kuogelea?

Muuliza swali
Wakuu, tuta la bwawa letu lina kimo cha mita 6, na umri wake umepita miaka 50. Watu huogelea, huvua samaki na kupiga makasia. Upande wa nyuma, pale bomba la chuma la kutolea maji linapotokezea, nyasi ni mbichi hata kiangazi na mguu unazama. Juu ya tuta kuna miti minene. Tufunge au mabango yatatosha?

Mchangiaji 1
Mkuu, anza na hayo majimaji. Kila tuta la udongo huvuja kidogo; hatari ni maji yanayobeba udongo. Chota kwenye chupa angavu bila kutibua, iache itulie saa moja, tazama kitako. Ukiona tope, tuta linaliwa kwa ndani, na tundu huanzia nyuma likichimba kuelekea majini. Bomba la umri huo mara nyingi kutu imeshalitoboa, kwa hiyo kagua pia kama kuna kishimo cha mviringo juu ya tuta, usawa wa bomba linapopita.

Usizibe kwa mfinyanzi upande wa nyuma, maji yatatafuta pengine. Tandaza mchanga safi wa chenga kubwa, juu yake changarawe, kisha mawe. Maji yatoke, udongo ubaki.

Mchangiaji 2
Miti isiguswe bwawa likiwa limejaa. Ukikata na kuacha kisiki, mizizi huoza na kuacha mifereji ndani ya tuta. Shusha maji kwanza, ng'oa kisiki na mizizi minene, rudishia udongo wa aina ileile kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila moja ishindiliwe. Kisha nyasi fupi tu.

Kama si dharura, kushusha kusizidi sentimita 30 kwa siku. Maji yakiondoka ghafla, udongo uliolowa hukosa cha kuegemea, ukaporomoka kwa upande wa ndani.

Mchangiaji 3
Waogeleaji wakae mbali na mdomo wa bomba, nyuma ya mstari wa maboya. Koki ikifunguliwa, mtu hunaswa kule chini hata kama juu maji yametulia. Kagua pia njia ya maji ya ziada: wavu wa kuzuia samaki hunasa takataka, bwawa linapanda hadi kumwagika juu ya tuta. Huo wavu utolewe leo.

Muuliza swali
Chupa imeonyesha tope, unene wa ukucha.

Mchangiaji 1
Basi ondoa watu wote, majini na nyuma ya tuta. Wajulishe walio bondeni na mamlaka ya maji, mwite mhandisi wa mabwawa, akuelekeze kasi ya kushusha. Bwawa la Teton, Marekani, Juni 5, 1976, lilionekana likitoa maji ya matope asubuhi. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limebomoka.