Tupeane uzoefu: Stourhead, ziwa lake na mnara wa Mfalme Alfred

Mwenye_Uzi: Wanaoijua Stourhead, jumba la kale na bustani yake kule Wiltshire, Uingereza, mwageni mambo. Jumba, ziwa na mnara kwa siku moja, inawezekana?

Tiketi_Mkononi: Inawezekana ukiwahi. Kwa treni, panda London Waterloo, shuka Gillingham ya Dorset. Kuna Gillingham nyingine Kent, ukikata tiketi ya huko imekula kwako. Kutoka stesheni zimebaki kama kilomita 10, teksi iagize mapema.

Bustani1744: Wengi wanazunguka kinyume! Anzia jumbani, ziwa likae mkono wa kushoto: hekalu la Flora, pango, hekalu la Pantheon, kisha la Apollo. Ndivyo Henry Hoare, mwenye jumba aliyeitengeneza bustani, alivyopanga. Na ziwa lenyewe ni la kutengenezwa, mto Stour ulizibwa kwa tuta.

Kona_ya_Kijiji: Kwani lazima? Ingilia kijijini, daraja la mawe hili hapa na Pantheon ile ng'ambo. Picha umemaliza.

Bustani1744: Mkuu, hiyo ni picha ya kalenda. Umeanza na mwisho.

Mpita_Njia: Kushoto, naunga mkono hoja.

Bi_Viatu: Gombaneni tu. Pangoni chemchemi inatiririka ndani kwa ndani, chini panateleza. Ndara ziacheni nyumbani, na kigari cha mtoto kisiingie kabisa.

Vidato205: Mnara mmeusahau. Uko mbali na jumba, kama kilomita 4. Ni wa matofali, pembe tatu, mita 49, ulikamilika 1772. Ndani ni mtupu, ukiinua kichwa unaona mawingu. Ngazi imo kwenye kona moja, vidato 205 vya kuzunguka, vyembamba. Anayepanda na anayeshuka wakikutana, mmoja abane ukutani. Haufunguliwi kila siku, ulizia kwanza.

Msoma_Kuta: 1944 ndege ya kijeshi iliugonga huo mnara. Watano waliokuwemo wakafa wote. Kilele kilichovunjika kilitengenezwa miaka ya 1980.

Mpita_Njia: Weee! Pambo la bustani?

Kona_ya_Kijiji: Ndege ya nani? Ilitokea wapi?

Bi_Viatu: Haya, viatu vimeshasahaulika.

Mwenye_Uzi: Na jumba je?

Msoma_Kuta: Katikati liliungua 1902, likajengwa upya. Maktaba ilipona, usiiruke.

Vidato205: Mnara uwe wa kwanza, miguu ikiwa na nguvu.

Tiketi_Mkononi: Asubuhi na ukungu ule utaona nini juu? Mnara mchana.

Bustani1744: Mchana ni ziwa.