MJADALA: Gesi za friji na viyoyozi – sheria ibane mtungi, mashine au fundi?

Mleta mada
Wakuu, tujadili kwa namba. Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal (mkataba wa kulinda tabaka la ozoni) yalipitishwa Oktoba 2016, yakaanza kutumika Januari 1, 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa kusimamisha ongezeko la HFC, yaani gesi za kupoozea zinazopasha dunia joto, mwaka 2024, kisha zishuke 10% mwaka 2029, 30% mwaka 2035, 50% mwaka 2040 na 80% mwaka 2045. Kinachohesabiwa ni gesi iliyozalishwa na iliyoingizwa, ukitoa iliyouzwa nje na iliyoteketezwa. Inayovuja kwenye mabomba haimo.

R na namba ni jina la gesi ya friji au kiyoyozi. Kilo 1 ya R-410A ikienda hewani ni sawa na kilo 2,088 za kabonidioksidi kwa hesabu ya miaka 100; namba hiyo ndiyo kipimo cha gesi. R-404A ni 3,922, R-134a ni 1,430, R-32 ni 675, na R-290, yaani propani, ni kama 3 tu.

Msimamo wangu: mgawo wa kuingiza gesi hautoshi. Mtungi usiuzwe kwa asiye na leseni, na kuachia gesi hewani liwe kosa lenye faini. Karibuni.

Koili
Napinga, au tuseme nakubali nusu. Leseni inakagua karatasi, wakati gesi inapotea juu ya paa ambako hakuna mkaguzi. Faini ya kuachia gesi utaithibitishaje? Ikishatoka haina rangi wala alama.

Fundi anaachia kwa sababu kunyonya gesi kunataka mashine ya kunyonyea, mtungi maalumu, mizani na muda, na mteja halipii hata kimoja kati ya hivyo. Mtungi wa kunyonyea nao usijazwe zaidi ya 80%, maana gesi iliyo kimiminika ikipata joto hutanuka na mtungi hupasuka. Halafu akishanyonya aipeleke wapi? Pasipo na kituo cha kusafisha, atatembea nayo mpaka siku amwage.

Kuna kazi lakini ambazo hazihitaji mashine yoyote. Kiyoyozi cha ukutani kinachohamishwa, kama kompresa bado nzima, gesi yake hurudishwa kwenye kondensa: weka geji upande wa kuvuta, washa kwenye baridi, funga vali ya bomba jembamba, subiri presha ishuke karibu na sifuri, funga vali ya bomba nene, zima mara moja. Usiendelee hadi vakyumu (utupu). Ungio likiwa limelegea hewa itaingia, itagandamizwa pamoja na oili kwenye joto kali, na kompresa inaweza kulipuka. Dakika chache, gesi yote imebaki. Fundi asiyefundishwa hatua hizi ataachia kilo nzima hata ukimpa leseni mbili.

Geji Mbili
@Koili umeeleza vizuri lakini umeruka bei. Gesi ikiwa rahisi, hakuna atakayeinyonya hata ukimfundisha mwaka mzima. Umoja wa Ulaya ulianza kubana mgawo kwa kanuni ya mwaka 2014, na bei ya gesi kama R-404A ikapanda mara kadhaa mwaka 2017 na 2018. Ndipo wenye maduka makubwa walipoanza kutafuta matundu kwa bidii, na wengi wakahamia kwenye mitambo ya kabonidioksidi.

Piga hesabu. Mtambo wa duka wenye kilo 200 za R-404A ukivuja 15% kwa mwaka unapoteza kilo 30. Zidisha kwa 3,922: karibu tani 118 za kabonidioksidi, kila mwaka, duka moja. Bei ikiwa ya kutupa, mwenye duka ataongeza gesi tu. Kwa hiyo mgawo kwanza, mengine yafuate.

Mkaguzi wa Mzigo
Bei hiyo hiyo iliyopanda ndiyo iliyozaa magendo, mkuu. Ulaya ilijaa mitungi ya njia za panya. Kibaya zaidi kuliko magendo ni gesi bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua watu baada ya kujazwa "R-134a" iliyochanganywa na R-40, yaani kloridi ya methili. R-40 ikikutana na aluminiamu ndani ya kompresa huzaa kiwanja kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Mtungi ulikuwa na lebo safi kabisa.

Kwa hiyo ukibana mgawo bila kitambuzi cha gesi mpakani, umewafungulia wauza sumu mlango. Presha ya mtungi pia isikudanganye: mchanganyiko unaweza kusoma presha inayokaribia ile ya R-134a halisi.

Na kuna tundu ambalo hakuna aliyeligusa hapa. Gesi iliyomo ndani ya mashine mpya haihesabiwi kwenye matumizi ya nchi inayoagiza mashine. Inahesabiwa kule ilikojazwa. Nchi inaweza kuwa ndani ya mgawo wake kwenye makaratasi huku inapokea makontena ya viyoyozi vya R-410A. Tangu Januari 1, 2025 Umoja wa Ulaya umezuia viyoyozi vidogo vya sehemu mbili, vyenye gesi chini ya kilo 3, kama gesi yake ina kipimo cha 750 au zaidi. Soko likifungwa huko, mtengenezaji mwenye akiba anatafuta lingine lisilo na kizuizi, na kila mashine inayoingia inaanza kudai gesi ya matengenezo kwa miaka kumi na kuendelea. Mimi ningebana mashine kabla ya mtungi.

Umeme Kwanza
Mbona mnaacha umeme? Kiyoyozi kinachokula wastani wa kilowati 1, saa 6 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kinatumia uniti 1,800. Kama gridi inatoa nusu kilo ya kabonidioksidi kwa uniti, hizo ni kilo 900 kwa mwaka, tani 9 kwa miaka kumi. Gesi yenyewe, kilo 1 ya R-410A ikivuja 5% kila mwaka na kujaziwa, halafu yote ikaachiwa mwishoni, ni kama tani 3. Wekeni kiwango cha chini cha ufanisi kwanza. Gesi baadaye.

Geji Mbili
Tani 3 kati ya 12 ni robo, si kitu cha kuweka kando. Na gridi ikisafika, tani 9 zinapungua wakati 3 zinabaki palepale. Tena mambo haya hayatengani: mashine iliyopungukiwa gesi inazunguka muda mrefu kupata baridi ileile, na kompresa inayopozwa na gesi inayorudi inachemka. Kizuizi kimoja cha uingizaji kinaweza kudai gesi ya chini ya 750 na ufanisi kwa pamoja.

Koili
Sawa, zuieni R-410A. Mafundi wengine watafanya nini? Watatia propani kwenye mashine ya zamani ya R-22, kwa sababu oili inakubaliana na presha zinakaribiana. Inapooza vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo.

Propani inahitaji kama 40–45% ya uzito wa R-22. Mashine ya kilo 1 itabeba gramu 450 hivi. Chumba cha mita za ujazo 30 kikipokea zote, ni gramu 15 kwa mita ya ujazo. Propani huanza kuwaka kwenye gramu 38, kwa hiyo mtu atasema kuna nafasi. Hakuna: ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, na pale chini inaweza kufika 38 na kupita. Relei, swichi ya feni na temostati za mashine hiyo hazikutengenezwa kuzuia cheche. Friji ya nyumbani ya R-600a (isobutani, nayo inawaka) ni jambo jingine, inabeba makumi ya gramu tu na sehemu zake zimeundwa kwa gesi inayowaka.

Kwa hiyo sheria itaje wazi: gesi inayowaka iende kwenye mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake tu.

Mleta mada
Hilo la propani nalikubali moja kwa moja. Na je, hizi gesi mpya kama R-1234yf? Kipimo chake ni kidogo sana.

Mkaguzi wa Mzigo
Ni kidogo, ila hewani inavunjika kuwa asidi ya trifluoroaseti, inayoshuka na mvua na haiozi. Januari 2023 nchi tano za Ulaya (Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Sweden na Norway) ziliwasilisha pendekezo la kubana kemikali za jamii ya PFAS (kemikali za florini zisizooza kirahisi), na gesi hizi ziliingia kwenye wavu. Anayejenga sheria ya miaka 20 juu ya gesi moja anajenga kwenye mchanga.

Koili
Turudi kazini basi. Uvujaji mwingi ni ufungaji mbovu, na huo unafundishika. Chomelea bomba huku naitrojeni inapita taratibu ndani, la sivyo masizi ya shaba yataziba kapilari (bomba jembamba sana la kupitisha gesi). Pima kwa naitrojeni kwa presha aliyoandika mtengenezaji, kamwe si oksijeni, maana ikikutana na oili inalipuka. Paka povu la sabuni kwenye kila ungio. Piga vakyumu hadi mikroni 500 (kipimo cha utupu, sifuri ni utupu kamili), funga pampu, tazama: usomaji ukipanda kidogo na kutulia kuna unyevu, ukipanda bila kukoma kuna tundu. Oili ya POE (oili ya kompresa za gesi za HFC) hunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo bomba lisiachwe wazi. R-407C, ambayo ni mchanganyiko wa gesi, ijazwe ikiwa kimiminika, kwa mizani. Ukijaza mvuke, mchanganyiko unabadilika.

Leseni itolewe kwa anayeonyesha haya kwa mikono. Mtihani wa karatasi hapana.

Geji Mbili
Nakubali, ila weka na amana kwenye mtungi. Mitungi ya kutupa ya kilo 13.6 ikisemekana imeisha bado ina mamia ya gramu za mvuke, nayo huenda hewani kwenye chuma chakavu. Mtungi wa kujazwa tena, mnunuzi alipe amana, arudishiwe akileta mtungi, na alipwe zaidi akileta gesi iliyonyonywa.

Mkaguzi wa Mzigo
Ukilipa kwa kilo bila kupima, utaletewa naitrojeni na hewa. Kituo kiwe na kitambuzi na bei mbili: ya gesi safi inayoweza kusafishwa, na ya mchanganyiko unaokwenda kuteketezwa. Huo wa pili hauna mnunuzi, lazima mtu alipie uchomaji wake. Mwagizaji wa mashine ndiye ningemtoza, pale pale forodhani, kwa uzito wa gesi iliyomo ndani mara kipimo chake.

Umeme Kwanza
Na atahamishia gharama kwa mnunuzi, ambaye ataamua kununua mtumba wa R-22.

Mkaguzi wa Mzigo
Ndiyo maana mtumba nao uzuiwe siku hiyo hiyo ushuru unapoanza, si mwaka unaofuata.