Miche ya ndani kurefuka kama tambi, tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Mimi nakaa ghorofani hapa Dar, sina hata kipande cha uwanja, nikasia nyanya Tengeru 97 kwenye trei nikaiweka juu ya kabati la tv, siku ya sita zikaota nikafurahi weee na picha nikapiga, wiki haijaisha miche ina shingo kama twiga, imepauka, ukiigusa inalala. Nikadhani njaa, nikaongeza mbolea, ndo ikazidi kujivuta, mwisho nikaitupa. Kumbe ilikuwa inatafuta mwanga tu. Siku hizi mbegu ikichungulia, asubuhi hiyohiyo trei inahamia kibarazani. Nyie mlifanyaje?

Mleta mada usingeitupa bana. Nyanya wakati wa kuhamisha unafukia shina mpaka karibu na majani, litatoa mizizi lote hilo. Hoho sijaona ikikubali hivyo. Halafu acheni kusia kwa kumwaga, miche ikibanana inashindana kwenda juu.

Na dirisha lenyewe angalieni ni la upande gani jamani. Langu linatazama kusini, Desemba nilipata miche mizuri, nikarudia Juni ikawa kamba tupu. Mwezi wa sita jua letu liko kaskazini, mimi nalisubiri kusini 😂

Mimi niko Sweden, huku Machi bila taa utalia. Kosa langu la kwanza niliweka trei juu ya hita ya dirishani nikijua naisaidia, joto jingi mwanga kiduchu, siku tatu tu uzi. Sasa hivi nina taa ya LED, naining'iniza kama sentimita 10 juu ya miche na naipandisha kadiri inavyokua, inawaka masaa 14 mpaka 16 kwa siku, usiku nazima. Trei ikishaota naitoa kwenye joto.

Mtanicheka, ila mimi kila asubuhi naipapasa miche na kiganja kama dakika moja hivi, ikiyumbayumba shina linanenepa. Ambaye hana muda aweke feni kwa mbali. Mume wangu aliponikuta akauliza lini nampapasa yeye.

😂😂 Dada, shemeji naye apelekwe kibarazani. Ila serious, nani amejaribu hiyo ya kupapasa kwa sukuma wiki? Zangu zina siku nne na zishaanza kuinama dirishani.