Tupeane uzoefu: sheria gani ya usalama wa mtandao kazini ilikufanya utafute njia ya mkato?

Wakuu, kila mfumo ukidukuliwa lawama ni kwa mfanyakazi. Leo tuambizane ukweli.

Naanza mimi. Nywila tulibadilisha kila siku 90: herufi kubwa, namba, alama, na isifanane na za nyuma. Mara ya kwanza nilijitahidi. Baada ya hapo neno likawa lile lile, mwishoni naongeza 02!, 03!, 04!... Naacha kazi nilikuwa 11!.

#2
Afadhali wewe. Sisi mapokezi tulikuwa watatu kwa kompyuta moja, ikikaa dakika mbili bila kuguswa inajifunga, na mteja kakusimamia. Tukawa tunaingia asubuhi kwa akaunti ya dada mmoja, basi, mpaka jioni. Kipanya tunakilaza juu ya saa ya mkono: mshale wa sekunde ukipita chini yake, kompyuta inadhani kuna mtu. Siku taarifa za mteja zilipofutwa, jina lililoonekana ni la yule dada. Alikuwa likizo!

#3
Mimi ni mtu wa IT, msinipige mawe. Sheria hizo za nywila zilienea kutokana na mwongozo ambao Bill Burr aliuandika 2003 akiwa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Mwaka 2017 NIST wenyewe waligeuka: nywila iwe ndefu, na mtu asilazimishwe kuibadilisha kama hakuna dalili kwamba imevuja. Burr naye akakiri anajutia. Tatizo langu ni mkaguzi, fomu yake bado inauliza siku 90.

#4
Kwetu ilikuwa simu. Kila ukifungua mfumo inauliza "Ni wewe?", kutwa nzima, kidole kikazoea. Jumapili moja nafua, ikauliza, nikabonyeza Ndiyo. Povu mkononi, ndipo nikashtuka: mbona sijafungua kitu? Nikawapigia IT natetemeka. Kijana aliyepokea hakunifokea, alifunga akaunti kwanza, maswali baadaye. Siku hizi lazima niandike namba inayoonekana kwenye kompyuta, sibonyezi tu.

Mleta mada
Pole. Aliyeingia alikuwa nani?

#4
Hawakumpata. Ila nywila yangu alikuwa nayo tayari, mkuu. Na mimi nilikuwa mtu wa 03!, 04!.