Tupeane uzoefu: mshubiri wako umeuoteshaje, na unautumiaje?

Bustani Kavu (mwanzisha mada)

Wadau, habari zenu. Naomba tupeane uzoefu wa mshubiri, huu ambao wengi tunauita alovera. Mwaka wa nne huu ninao bustanini, na miaka miwili ya mwanzo nilikuwa napoteza mche baada ya mche. Naanza na yangu.

Mche wa kwanza nilipewa ukiwa na majani matano, umesimama vizuri. Niliupanda kwenye ndoo ya plastiki, udongo mweusi uliojaa samadi, nikawa naumwagilia kila asubuhi pamoja na mboga. Wiki ya tatu majani ya chini yakawa laini na yanang'aa kama yana maji ndani. Ukiyabonyeza yanabonyea na hayarudi. Nikadhani una kiu, nikaongeza maji. Siku niliyoushika niugeuze uelekee jua, ulitoka wote mkononi bila kuvutwa. Shina kwa chini lilikuwa la kahawia na linanuka, mizizi imebaki nyuzi. Ndipo nikaigeuza ndoo na kuona haina tundu hata moja.

Iliyofuata nayo ilioza, ingawa ndoo nilizitoboa, maana udongo ulikuwa uleule. Nilichojifunza ni kwamba mshubiri uliooza mizizi na mshubiri wenye kiu unaweza kukudanganya, kwa sababu yote miwili haipati maji: mmoja hauna maji, mwingine hauna mizizi ya kuyanywa. Wenye kiu majani yake hupungua unene na kujikunja kama mfereji, lakini bado ni magumu. Uliooza hulainika kuanzia chini, pale majani yanapokutana na shina. Siku hizi simwagilii kabla sijazamisha kidole kizima kwenye udongo.

Karibuni. Nataka hasa kusikia habari za udongo, za watoto wake, na mnautumiaje bila kujidhuru.

Mchanga na Kokoto

Mkuu, pole. Kwenye udongo ndipo kila kitu kilipo. Mimi nachanganya nusu udongo wa kawaida, nusu mchanga wenye chembe kubwa na kokoto ndogo ndogo. Usitumie mchanga laini kama unga, ule hushikana na kuwa mgumu kuliko udongo wenyewe. Kipimo changu ni kumwaga kikombe cha maji juu: yasipoanza kudondoka chini ndani ya nusu dakika, naongeza kokoto.

Kwa wanaopanda ardhini, inueni tuta la kimo cha shubiri moja (ya mkono) na mpande juu yake. Ardhi tambarare yenye mfinyanzi hushikilia maji siku nyingi baada ya mvua, na mizizi ya mmea huu haiendi chini sana, imetambaa karibu na uso wa ardhi. Kwa hiyo hukaa palepale penye tope.

Ukijua mmea huu unavyopumua utaelewa kwa nini hautaki maji mengi. Mimea mingi hufungua vijitundu vya majani mchana, na humo ndimo maji yanamopotelea. Mshubiri huvifungua usiku kukiwa na ubaridi, unavuta hewa ya kabonidayoksaidi na kuiweka akiba, kisha mchana unavifunga na kuitumia ile akiba kwa msaada wa jua. Maji unayopoteza ni kidogo mno. Sasa wewe unaupa ya kila siku, uyapeleke wapi?

Kivuli cha Mchana

Naongeza la jua. Wangu ulikaa ndani mwaka mzima, majani yakawa marefu, membamba, yamelala pembeni. Nikautoa nje siku moja, jua la saa sita. Baada ya siku nne ulikuwa mwekundu wa kahawia kama umeunguzwa. Haukufa. Niliurudisha kwenye kivuli chepesi, kisha nikauzoesha jua la asubuhi pekee kwa wiki tatu, ukarudi kuwa kijani. Uzoesheni taratibu. Na mnaokaa kwenye baridi kali, uingizeni ndani kabla ya barafu ya usiku, kwani jani limejaa maji, na maji yakiganda jani limekwisha.

Miche ya Jirani

Yangu ni onyo. Niliomba alovera kwa jirani, akanikatia jani nene, refu, lenye miiba pembeni na mwiba mmoja mkali kwenye ncha. Nilikuwa nimeungua kidogo mkono kwa mvuke. Nikalipasua, nikajipaka. Ndani ya dakika chache mkono uliwasha kana kwamba nimeshika upupu, vikatokea vipele vyekundu hadi kwenye kiwiko, na vilikaa siku tano. Jirani hakuwa na nia mbaya, naye alikuwa akiuita alovera tangu aupande.

Ulikuwa mmea wa jamii ya mkonge. Utomvu wake una chembe za oksaleti zenye ncha kama sindano ndogo sana, ndizo zinazochoma ngozi. Baada ya hapo nilijifunza kuitofautisha, nawaandikia kwa urefu kwa sababu najua siko peke yangu:

Vunja kipande cha jani. La mshubiri hukatika kirahisi, ndani kuna ute unaopitisha mwanga, na karibu na ganda huchuruzika majimaji ya njano. La jamii ya mkonge halikatiki, unabaki unavuta nyuzi ngumu, zilezile wanazosokotea kamba. Mwiba wa ncha wa mkonge ni mgumu kama msumari; mshubiri una vijimiba laini pembezoni tu. Na maua: mshubiri ukishakomaa hutoa kikonyo chenye maua ya njano kama mirija inayoning'inia, na huweza kuyatoa mwaka hadi mwaka. Mkonge hutoa mlingoti mrefu mara moja katika maisha yake, kisha mmea wenyewe hufa.

Hata ndani ya mishubiri yenyewe kuna aina zaidi ya 500. Unaotumika zaidi kwa jeli ni mmoja, asili yake Bara Arabu. Ukiona mche mdogo una madoa meupe usiogope, alovera changa huwa nayo na mengi hufifia ukikua.

Bustani Kavu (mwanzisha mada)

Dada, ahsante sana kwa hili. Nimetoka sasa hivi kwenda kuvunja kipande cha jani la wangu ili nihakikishe. Ni wenyewe, kidole kimebaki cha njano.

Jembe Jipya

Mimi nilipoteza miezi miwili kwa kupanda jani. Nilikata majani sita mazuri, nikayachomeka kwenye mchanga kama vipandikizi vya muhogo. Yote yalioza, moja baada ya jingine. Jani la mshubiri halioti mizizi kirahisi hivyo, maji ni mengi mno ndani yake.

Njia ni watoto. Mmea ulioshiba hutoa machipukizi pembeni mwa shina. Subiri mtoto awe na majani manne au matano, kimo cha kiganja. Fukua taratibu kwa vidole, utaona kamba fupi nyeupe inayomuunganisha na mama yake. Kata hapo kwa kisu kisafi, mtoto atoke na mizizi yake. Usimpande siku hiyo. Mlaze kivulini siku tatu hadi tano mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi. Ukishampanda, usimwagilie kwa wiki nzima. Atasinyaa kidogo, mwache.

Mchanga na Kokoto

Hapo kwenye wiki nzima naunga mkono, ila niweke sawa jambo moja kwa wanaosoma: msichukue ratiba ya mtu mwingine. Chungu kidogo cha udongo wa kuchoma kwenye upepo kinakauka kwa siku nne, ndoo ya plastiki kivulini inaweza kukaa na unyevu wiki tatu. Wangu wa ardhini, uliokomaa, haujapata tone kutoka kwangu msimu mzima wa kiangazi. Majani yamepungua unene, rangi imefifia, lakini mvua za kwanza zikinyesha unajaza ndani ya wiki moja. Ukimwagilia, mwagilia maji ya kutosha mpaka yatoke chini, kisha usahau. Vijiko viwili vya kila siku ndivyo vinavyouoza.

Mlezi wa Wagonjwa

Kwenye matumizi naomba mnisikilize, nimeuguza watu nyumbani miaka mingi na nimeona mmea huu ukisaidia na nimeuona ukiumiza.

Jani lina vitu viwili tofauti. Kuna ute mweupe wa katikati, ambao karibu wote ni maji. Na kuna utomvu wa njano uliokaa chini tu ya ganda. Huo wa njano ndiyo shubiri yenyewe, ile ya "chungu kama shubiri". Una kitu kinaitwa aloini, ambacho huharisha kwa nguvu na kukausha maji na madini mwilini, hasa potasiamu. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa shubiri kwenye dawa za kulegeza choo zinazoruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukutosha. Na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka mchujo wa jani zima kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mtu akikuambia saga jani zima na ganda lake unywe, kataa. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa za moyo na sukari, hata ute mweupe asinywe bila kuongea na daktari.

Kwa ngozi nafanya hivi. Nachukua jani la nje kabisa, la chini, lililokomaa, nakata karibu na shina. Nalisimamisha ndani ya glasi, upande uliokatwa ukitazama chini, kwa robo saa. Utaona michirizi ya njano ikishuka kama mafuta na kujikusanya kwenye kitako cha glasi. Naimwaga, naosha jani, nakata kingo zenye vijimiba, kisha napitisha kisu chini ya ganda kama ninayechuna samaki. Kipande cha ute kinachobaki nakiosha tena mpaka maji yasiwe na rangi. Kikiwa bado kichungu ukikigusa kwa ulimi, hakijasafishika.

Mtu akiungua kidogo, kwanza maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Mshubiri unafuata baadaye, kwenye ngozi ambayo haijapasuka. Usiuweke kwenye kidonda kirefu wala mshono. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 kwa akina mama waliopata matatizo ya kidonda baada ya kupasuliwa tumbo ulionesha kwamba waliopakwa jeli ya mshubiri walichelewa kupona kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Nilimuuguza mgonjwa ambaye ndugu zake walimpaka kisirisiri kwenye mshono, na nilihuzunika sana kwa sababu walifanya kwa upendo.

Na kama hujawahi kupaka, jaribu kidogo ndani ya kiwiko, usubiri siku moja.

Mwenye Mbwa

Mlezi ameshamaliza yote, mimi naongeza la wanyama. Mbwa wangu mdogo alitafuna majani mawili, akatapika na kuharisha usiku kucha, ikabidi apelekwe kwa daktari wa mifugo. Alipona. Paka pia hudhurika. Vyungu vyangu sasa viko juu ya ukuta.

Majani Mabovu

Wadau, wangu umeota vinundu vya ajabu, kama uvimbe wa kijani wenye mikunjo, kwenye kingo za majani na kwenye kikonyo cha maua. Sioni mdudu hata nikitumia kioo cha kukuzia. Ni nini?

Jembe Jipya

Huo ni utitiri, kaka, wadudu wadogo ambao jicho halifiki. Wanasambaa kwa upepo na kwa mikono yetu. Kata kila sehemu yenye uvimbe, ikate mbali na palipoathirika, uichome moto, usiitupe kwenye mboji. Safisha kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine. Ukiwa umefika moyoni mwa mmea, ung'oe wote. Inauma, lakini niliuhurumia mmoja nikapoteza saba. Wale weupe kama pamba ni wengine, hao unawafuta kwa kitambaa chenye spiriti na wanakwisha. Ukiona sisimizi wengi wanapanda na kushuka, chunguza katikati ya majani, mara nyingi wanawafuata hao weupe kwa ajili ya utamu wanaoutoa.

Miche ya Jirani

Na jamani, tusiende kung'oa mishubiri ya porini. Aina nyingine nyingi zinakua polepole na zinapungua, na biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Alovera ya kawaida haimo kwenye udhibiti huo, nayo inazaa watoto wa kugawa kila mwaka.

Bustani Kavu (mwanzisha mada)

Narudi na mrejesho. Nilifuata mchanganyiko wa nusu kwa nusu na nikainua tuta la shubiri moja. Nilitenganisha watoto watatu, nikawalaza kivulini siku tano. Vidonda vilikauka vikawa na ngozi ya rangi ya kijivu, kama kovu. Wiki mbili baada ya kuwapanda walikuwa wamesinyaa hadi nikaenda mara mbili kuchukua maji na mara mbili nikarudi bila kumwagilia. Leo asubuhi nimevuta mmoja kidogo kwa vidole viwili na amegoma kutoka. Katikati yake kuna jani jipya, limesimama, urefu wa ukucha.